Mazoezi Katika Ghala la Nta

Mwajuma alinipigia simu asubuhi, chai yangu ikiwa bado mezani, akaniambia kwamba Mzee Nestori amefariki Ulyankulu na atazikwa kesho yake baada ya misa. Neno la kwanza lililonitoka halikuwa pole. Niliuliza, "Nani kakuambia?" Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Zaka, miaka yote hii, hata mtu akifa bado unataka ushahidi." Sikukasirika, maana alisema kweli. Kesho yake nilikuwa Ulyankulu, nimekaa kwenye kiti mwendo changu nyuma ya wanakwaya, nikisikiliza wasifu wa marehemu. Walisoma kwamba alikuwa mkulima, mlinzi, baba wa watoto watano, mtu wa jumuiya. Hawakusoma popote kwamba aliwahi kukaa mwaka mmoja mjini Tabora akiwafanyisha mazoezi watu wenye ulemavu. Huenda hawakujua. Huenda walijua wakashindwa jina la kuiita kazi ile. Mimi pia nimeshindwa jina lake, ndiyo maana nasimulia mambo yenyewe. Lakini anayesoma ajue mapema: mimi ndiye niliyemfukuza Tabora, kwa hiyo ana haki ya kunitilia shaka ninapoeleza habari zake.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Miezi saba kabla ya siku ninayotaka kuanza nayo, nilianguka kutoka juu ya mninga, porini ng'ambo ya mashamba ya Ntalikwa, nikipandisha mzinga wa nyuki wa gome. Tawi halikukatika; kamba ndiyo iliyoteleza. Nilisikia mgongo ukilia mara moja, kisha kuanzia kiunoni kwenda chini sikusikia kitu tena, na mpaka leo sisikii. Nilipotoka hospitali nililetwa nyumbani kwa Shangazi Tabitha, mtaa wa Gongoni, nikawekwa katika chumba cha uani kilichopakana na jiko. Kilikuwa na kitanda cha kamba, magunia mawili ya karanga, kalenda iliyopita wakati, na dirisha la nondo ambalo kupitia kwake niliona mlango wa jiko, pipa la maji na nusu ya mti wa mpapai. Mtu anayelala mchana kutwa anakuwa na masikio makali. Nilijua Shangazi anapopepeta mchele na anapopepeta ulezi. Nilijua jirani yetu akiingia kabla hajapiga hodi, kwa jinsi ndala zake zilivyoburuzika. Na nilijua kwamba wakifika kwenye habari zangu watashusha sauti, kana kwamba ule ukuta wa tofali moja ungeweza kunificha jambo. "Anakula?" "Anakula, kula si tatizo." "Na huko chini?" "Chini hamna kitu, mama. Namgeuza kama mkate." Kisha mwiko kwenye sufuria.

Katika miezi hiyo saba walikuja watu wengi. Mganga mmoja aliahidi kwamba nitakuwa nimesimama kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Mwingine alinichanja miguuni mpaka damu ikatoka, na kwa kuwa sikuhisi maumivu, akatangaza kwamba dawa imeingia. Walikuja pia wageni wenye kamera, wakaandika jina langu kwenye karatasi, wakanipiga picha nikiwa nimeegemezwa ukutani, wakaniambia nitabasamu, na hawakuonekana tena. Sijui picha ile iko ukutani kwa nani. Basi nikajifunza kwamba kila anayeingia chumbani kwa mtu aliyelala ana kitu anachokitafuta, na kwamba kazi yangu, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine, ni kukigundua kitu hicho mapema.

Nestori alikuja alasiri moja ya mvua za mwanzo. Nakumbuka Shangazi alikuwa amechemsha michembe kwa karanga, akanipa kwenye bakuli la bati, na harufu ya viazi vikavu vilivyoiva ilikuwa imejaa uani. Nikasikia hodi ya sauti nisiyoijua. "Mwangaluka," mgeni akamwamkia Shangazi kwa Kinyamwezi. Ilikuwa salamu ya asubuhi, na jua lilikuwa limeshapinduka. Shangazi akachelewa kuitikia, nami chumbani nikaacha kutafuna.

"Naitwa Nestori. Nalinda ghala la nta pale nyuma ya msikiti. Nimesikia mna kijana aliyeanguka."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa watu, mama."

"Watu gani?"

"Gongoni nzima inajua," akasema kwa upole, na upole ule nao sikuupenda.

Aliingia akiwa ameinama, mtu wa makamo, mrefu, mwenye shati lililofungwa mpaka kifungo cha shingoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye visigino vyangu. Hakunitazama usoni kabisa. Alivigeuza visigino, akanusa bandeji iliyokuwa kwenye kifundo, akabonyeza mapaja, kisha akatoa mfukoni tepu ya fundi cherehani akanipima paja moja baada ya jingine, akaandika kwenye daftari dogo lenye jalada jeusi. Shangazi akauliza kutoka mlangoni, "Atatembea?"

"Sijui."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Akae. Akishaweza kukaa mwenyewe, ndipo tutaangalia mengine."

Wote waliotangulia waliahidi. Huyu hakuahidi kitu, na hilo ndilo lililonitisha. Alipoondoka, ndala za jirani ziliburuzika zikaingia jikoni, na nikasikia yote. "Yule ni Mrundi wa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi." "Amempima?" "Amempima mapaja, kwa tepu, na kuandika." "Yesu wangu. Siku hizi watu wanatafuta viungo vya binadamu, hujui? Mtu hupimwa suti au jeneza, na huyo mtoto wako haendi harusini." Leo nikiyakumbuka maneno yale naona aibu, kwa sababu huko Ulyankulu, mazikoni, nilizungukwa na watu wa kwao walionipokea kwa ugali na maharage kabla hawajaniuliza jina. Lakini siku ile niliyaamini yote, tena yalinipa nguvu fulani: walau sasa nilikuwa mtu ambaye mwingine anamhitaji.

Nilimkatalia wiki mbili. Alikuja kila alasiri, akakaa kwenye gunia la karanga, akaondoka. Wiki ya tatu nikakubali, na nieleze wazi kwamba sikukubali kwa ajili ya afya. Nilitaka kuchunguza. Alinipeleka ghalani kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, aliyoitengeneza mwenyewe kwa vyuma vya hapa na pale. Nilimuuliza mwanzoni ilikuwa ya nani. "Ya mtu aliyekufa," akasema, akaendelea kunisukuma.

Ghala lilikuwa refu, lenye madirisha ya juu, na sakafu yake ilikuwa nyeusi, imelainishwa na nta iliyomwagika humo tangu enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka. Mwenye ghala alikuwa amehamishia biashara yake kwingine, akamwachia Nestori ulinzi na ruhusa ya kutumia nafasi hiyo mchana. Jua likichoma bati, harufu ya nta ilipanda kutoka sakafuni, na mimi niliyeanguka kwa sababu ya nyuki nilikaa mle nikiivuta harufu ya kilichoniangusha. Tulikuwa watu sita. Mwajuma ndiye aliyekuwa na maneno kuliko wote: muuza karanga wa stendi, mguu mmoja umedhoofika kwa polio tangu utoto, amefungwa vyuma, na magongo mawili ambayo aliyatumia kutembelea na kutishia wateja wasumbufu. Nestori alikuwa amefunga tyubu za baiskeli kwenye nondo za madirisha ili tuzivute kwa mikono. Alikuwa na mifuko ya mchanga ya kunyanyua, mabomba mawili ya maji yaliyolazwa juu ya magogo ili Mwajuma asimame katikati yake bila magongo, na kamba iliyofungwa chini chini, kimo cha kifua cha mtu aliyeketi, ambapo tulicheza mpira wa wavu tukiwa tumekaa sakafuni. Na kila baada ya muda mfupi, katikati ya jambo lolote, alipiga makofi mara mbili, na sote tuliokuwa tumekaa tulitakiwa kukandamiza mikono chini na kunyanyua makalio, tukae hewani mpaka ahesabu kumi.

"Hii ni ya nini?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Nyanyua tu."

"Nauliza ni ya nini."

"Zakaria, nyanyua."

Hakuwahi kuieleza. Nikaiona kama namna ya kututia utumwani, kama mtu anayewafundisha mbwa kukaa na kusimama, nami nilinyanyua huku namwangalia. Kulikuwa na zoezi jingine nililolichukia zaidi: alinikalisha sakafuni miguu imenyooka, akaja nyuma yangu, akanisukuma mgongo mbele kwa uzito wake wote mpaka kichwa changu kikakaribia magoti. "Kidogo tena," alisema sikioni. Sikusikia maumivu mahali nilipokunjika. Nilisikia pumzi yake tu, na nikawaza ni rahisi kiasi gani kumvunja mtu ambaye hasikii anapovunjika.

Hata hivyo mwili wangu ulikuwa ukibadilika bila kuniomba ruhusa. Mwezi wa pili niliweza kukaa kitandani bila kuegemea. Mwezi wa tatu nilihama mwenyewe kutoka kitandani hadi kwenye kiti kilichowekwa dirishani, na Shangazi, aliyekuwa akichambua uyoga uani, alinikuta nimefika dirishani akaangusha ungo. Usiku ule alinipikia uyoga kwa karanga, akaniwekea wingi kuliko nilioweza kumaliza, akakaa kunitazama nikila. Baada ya Pasaka, Nestori alianza kunitoa kwenye barabara ya zamani ya misafara, ile inayokwenda Kwihara. Mimi nilizungusha baiskeli kwa mikono, yeye akatembea nyuma. Mchanga ulikuwa mwingi, na mara ya kwanza sikufika mbali. Mara ya nne nilifika kwenye korongo, nikapumzika, jasho likinitiririka machoni. "Wapagazi walipita hapa na pembe za ndovu mabegani," akasema. "Hii njia inajua mabega. Wewe nawe endelea kwa mabega." Nikaendelea. Upepo ulinipiga usoni kwa mwendo niliousababisha mwenyewe, kitu ambacho sikuwa nimekipata tangu nilipoanguka, na nikalia. Nililia nikiwa nimegeuza uso asione. Kisha, kabla machozi hayajakauka, nikaanza kujiuliza ananilainisha kwa ajili ya nini.

Zilikuwepo sababu. Daftari ndiyo ya kwanza: kila Ijumaa alitupima mikono, mapaja na vifua kwa tepu yake, akaandika, na hakumwonyesha mtu. Ya pili ni kwamba hakupita karibu na hospitali kamwe. Tukitoka upande wa Kitete, iliko hospitali, alizunguka njia ndefu ya vumbi, na siku nilipomwambia nina kliniki wiki ijayo, alisimamisha baiskeli kwa mkono. "Ukienda, usinitaje."

"Kwa nini?"

"Usinitaje tu."

Nilimweleza Mwajuma, nikidhani atashtuka. Alikuwa anamenya karanga zilizochomwa, akapuliza maganda kutoka kiganjani. "Kila mtu ana mlango asiotaka kupita mbele yake," akasema. "Mimi hukwepa nyumba ya mwanamume aliyenikataa. Unataka nijieleze kwako?"

"Hujiulizi anatafuta nini kwetu?"

"Nimesimama bila magongo mpaka hesabu ya thelathini. Anachokitafuta, akikipata anijulishe nimsaidie kubeba."

Siku niliyoliiba daftari, Nestori alikuwa ametoka kuteka maji. Lilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha, juu kuliko kichwa changu. Nilisogea kwa makalio mpaka ukutani, nikashika tyubu, nikajivuta, nikashika nondo, nikajivuta tena mpaka kifua kikafika dirishani, nikaning'inia kwa mkono mmoja na kulichukua kwa mkono wa pili. Miezi sita nyuma nisingeweza hata kukaa bila kuegemea. Nguvu yote niliyotumia kumwibia alikuwa amenipa yeye. Nililijua hilo palepale, nikiwa bado naning'inia, na halikunizuia.

Nilipolifungua nyumbani, nilikuta maandishi ya Kirundi nisiyoyaelewa, majina yetu sita, namba, na michoro. Ukurasa baada ya ukurasa wa michoro: miili isiyo na nyuso, imelala, imekaa, imekunjwa, na mishale ikielekea mapajani, kiunoni, mabegani. Shangazi alikaa chini alipoiona. Asubuhi yake tulikuwa barazani kwa mwenyekiti wa mtaa, na saa nne Nestori aliitwa. Alikuja kwa miguu, na shati lake limefungwa mpaka shingoni. Alipoliona daftari mapajani pa mwenyekiti hakunitazama. Nadhani hakuhitaji.

"Wewe ni daktari?" mwenyekiti akauliza.

"Hapana."

"Mtaalamu wa viungo?"

"Hapana."

"Umesomea wapi haya?"

Nestori alishika kofia yake kwa mikono miwili. "Nilikuwa nasukuma machela," akasema. "Hospitali moja, mkoa mwingine, miaka kumi na mmoja. Nawatoa wagonjwa wodini nawapeleka chumba cha mazoezi. Nawangoja mlangoni mpaka wamalize, nawarudisha. Mlango ulikuwa unaachwa wazi kidogo. Nikawa naangalia."

"Na hizi picha?"

"Nilichora nisisahau. Wale watu walikuwa wakipata nafuu kidogo wanaruhusiwa kwenda vijijini kwao. Baada ya miezi michache nawapokea tena mimi, wamekauka, wana vidonda. Mimi ndiye niliyewasukuma kwenda na kurudi. Siku moja niliomba kuwafundisha nyumbani kwao. Wakaniambia mbeba machela akishika mgonjwa atamuua. Nikaacha kazi."

"Na hospitali ya hapa unaikwepa kwa sababu?"

"Kuna mmoja wa kule alihamia hapa. Atanikumbuka."

Sikuwa nimewaza jibu la namna hiyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa muuza viungo, kwa mchawi, kwa mpelelezi. Mwenyekiti, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema haiwezekani mtu asiye na cheti kushika migongo ya watu mtaani kwake, na kwamba ghala lifungwe. Nestori akasema ameelewa. Kesho yake alikuwa ameondoka Tabora. Mwenyekiti alinirudishia mimi daftari. "Wewe ndiye uliyelileta," akasema, na sikuweza kujua kama ananisifu.

Mwajuma alifika nyumbani siku hiyohiyo, akasimama mlangoni mwa chumba changu na magongo yake. "Ulitaka kumjua. Haya, umemjua. Sasa nani atasimama nyuma yangu nikiachia mabomba?" Hakungoja jibu. Nilikaa wiki kadhaa nikijiambia kwamba nilikuwa na haki. Mtu alitudanganya, kukaa kimya kuhusu jambo kama lile ni kudanganya. Bado naamini hivyo. Lakini nilikaa, hilo ndilo lililotokea: nilikaa kutwa nzima kwenye kiti dirishani, bila makofi ya kunisumbua, nimesusa kila alichonifundisha pamoja na kunyanyua. Siku moja Shangazi alipokuwa anafua shuka aliona doa. Kidonda kilikuwa kwenye kalio la kushoto, kimeshafunguka, na mimi sikuwa nimehisi chochote. Homa ilipanda siku ileile, nikapelekwa hospitali, nikalazwa kifudifudi karibu mwezi mzima.

Aliyenishughulikia baada ya homa kushuka alikuwa mtaalamu wa viungo, dada mmoja kijana aitwaye Eliwaza, mwenye mikono ya baridi na sauti isiyobembeleza. Alinishika mabega akashangaa. "Nani alikufanyisha mazoezi?" Usinitaje, Nestori alikuwa amesema. Nilifikiri kwa muda, nikamtaja, nikampa na daftari. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda akalipitia lote, michoro tu, maana Kirundi hakukijua. Alipofika kwenye mchoro wa mtu aliyeketi akiwa amenyanyuliwa makalio, aligonga ukurasa kwa kidole.

"Hili mlikuwa mnafanya?"

"Kila mara. Alikuwa anapiga makofi."

"Na kidonda hukupata."

"Hapana. Nimekipata nilipoacha."

"Ngozi inayokandamizwa bila kupumzishwa inakufa, na wewe huwezi kuhisi ikifa. Hili zoezi ndilo linalokuweka hai. Hakukuambia?"

"Alisema ninyanyue tu."

Akafungua ukurasa mwingine. Ulikuwa ule wa mgongo kusukumwa mbele. Uso wake ulibadilika. "Na hili?" Nikasema ndiyo, kwa nguvu, mara mbili kwa wiki. Alitoa kalamu nyekundu mfukoni akaukata mchoro mzima kwa mistari miwili. "Hili lingekuharibu. Mgongo wako ulikuwa umevunjika, na ugumu uliopona nao ndio unaokusaidia kukaa wima. Una bahati." Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Nililala kifudifudi nikiitafuta furaha ya kuwa sahihi, nikaikosa. Mtu yuleyule alikuwa ameniokoa na amekaribia kunivunja, kwa mikono ileile na kwa kutojua kulekule. Nimejaribu kwa miaka mingi kuyatenganisha mambo haya mawili ili nimpende kwa moja na nimlaumu kwa jingine. Hayatengani.

Mwezi wa tisa Mwajuma alikubali kusema nami, kwa sharti la kwenda naye Ulyankulu. Tulimkuta Nestori akimwagilia kitalu cha tumbaku, amevaa kaptula bila shati, na ilikuwa mara ya kwanza kuona shingo yake. Mkewe alitupa maji, akatuletea mihogo ya kuchemsha na asali. Nilimkabidhi daftari bila utangulizi. Alilipitia polepole, akiangalia wino mwekundu wa Eliwaza: tiki hapa, mshale ulionyooshwa pale. Alipofika kwenye ukurasa uliokatwa akakaa chini ardhini.

"Hili nilikuumiza?"

"Hapana."

"Ungejuaje?" akauliza. Hakuwa ananikejeli. "Ungejuaje, Zakaria, na husikii?"

Mwajuma alimwambia kwamba Eliwaza yuko tayari kuja ghalani kila Alhamisi, kwamba mwenye ghala ameridhia na mwenyekiti pia, na kwamba arudi. Nestori alifunga daftari. "Sirudi," akasema. "Nilikuwa nayajua nusu, nikajiona nayajua yote. Nyinyi mna mwalimu sasa. Mwenye kujua na awaongoze." Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinitazama usoni, muda mrefu, mpaka nikataka kugeuka. "Wewe uwafundishe," akasema. "Wewe humwamini mtu. Utaangalia kila kitu mara mbili." Nilimwomba msamaha. Alisema tule mihogo kabla haijapoa.

Tulilifungua ghala mwezi wa kumi na moja. Eliwaza alikuja Alhamisi, akatufundisha mimi na Mwajuma sababu ya kila jambo, na kutulazimisha tumweleze tena kwa maneno yetu. Siku nyingine tulisimamia wenyewe. Wiki ya pili aliletwa dereva wa lori mstaafu, Mzee Shabani, aliyepooza upande wa kulia kwa kiharusi. Wanawe walimkalisha kwenye benchi wakaondoka. Nilimsogelea kwa kiti mwendo changu, nikamwamkia. Aliitikia huku ananipima kwa jicho, kuanzia mikono yangu mikubwa hadi miguu yangu iliyokonda, na nilimwelewa kuliko nilivyowahi kumwelewa mtu yeyote. Mkono wangu uliokuwa umeshaanza kwenda kwenye goti lake niliurudisha.

"Mzee," nikasema, "kabla sijakugusa nikueleze. Mimi si daktari. Nimejifunza kwa mtu aliyejifunza kwa kuchungulia mlangoni, na mengine alikosea. Kuna mtaalamu aliyemsahihisha, anakuja Alhamisi; ukitaka kumsubiri, subiri. Zoezi hili ni la kukunja na kunyoosha goti lisikakamae. Likiuma, niambie, naacha. Na usipotaka, hakuna ubaya."

Aliisikiliza tyubu ya Mwajuma ikivutika dirishani. Mdomo wake ulikuwa umepinda, na maneno yalimtoka moja moja.

"Anza na huu mguu mzima," akasema. "Nikuone kwanza."

Nikaanza na mguu mzima.